Duka la Makofi

Mwokaji mwenye diploma ya Ulaya hapa Musoma ni mmoja tu, na ni mimi. Ukiingia dukani kwangu mtaa wa Mukendo utaiona ukutani, ndani ya kioo, imeandikwa kwa Kiholanzi, na wateja huniuliza inasema nini. Huwa nawasomea neno kwa neno huku nikiwafungia mkate. Niliipata Amsterdam kwa kufanya kazi mchana na kusoma jioni miaka minne, bila mfadhili, bila mjomba ofisini, bila hata koti la maana katika baridi ya kwanza. Nimerudi, nimejenga nyumba mtaa wa Nyakato, nimeajiri watu sita. Keki zangu za harusi za ngazi nne zinafika Bunda zikiwa zimesimama wima, na aliyewahi kubeba keki ndani ya gari anajua hilo si jambo dogo.

Naanza na sifa hizi kwa sababu ni za kweli, na kwa sababu ndizo zilizonifunga mdomo. Mtu aliyejijenga mwenyewe hupenda kila tofali lake lionekane. Mimi nilikuwa na tofali moja ambalo sikutaka mtu aliangalie kwa karibu, na dada yangu ndiye aliyejikwaa juu yake.

Dada yangu ni mkuu wa shule ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Bunda. Ananizidi miaka tisa. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo dada ndiye aliyenifundisha kusoma saa, kufunga kamba za viatu na kumwamkia mtu mzima bila kutazama pembeni. Mama yetu alipoanza kusahau, kule nyumbani Butiama, dada ndiye aliyekuwa akipanda gari kila Ijumaa kwenda kumwogesha na kumlisha. Mimi nilikuwa Ulaya. Mama alimsahau dada kabla ya watu wengine wote. Alikuwa akimwita "mama jirani", anamshukuru kwa uji, halafu anamuuliza kama amesikia habari za kijana wake aliyeko Ulaya. Jina langu alikuwa nalo mpaka mwisho. Alipozikwa, mimi nilikuwa katika wiki ya mtihani wa vitendo, ule wa diploma, na mazishi niliyaona kwenye simu.

Sasa nieleze lile tofali.

Kazi yangu ya kwanza Amsterdam niliipata mwezi wa pili. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha. Mama alikuwa bado mzima wa akili, tena mwenye ulimi mkali.

"Kazi gani?" akauliza.

"Kofi shopu, mama."

"Duka la makofi? Yaani wazungu wanalipa ili wapigwe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba ni mgahawa wa kahawa, na kwamba naosha vikombe. Kuosha vikombe ilikuwa kweli. Mgahawa wa kahawa haikuwa kweli. Katika mji ule, duka linaloitwa kofi shopu ni duka la bangi. Kahawa ipo na chai ipo, lakini kinachowaleta watu kimeandikwa kwenye orodha ya kaunta, aina kwa aina, kama sisi tunavyoandika chapati na maandazi ukutani. Anayetaka kahawa peke yake anatafuta nyumba yenye jina lingine. Mtoto wa kule anajua hivyo. Huku kwetu hakuna aliyejua, na mimi sikuona sababu ya kumjulisha mtu. Familia yetu ni ya kanisa. Mama alikuwa akiongoza maombi ya akina mama, na wiki ile ile aliwaomba wenzake washukuru pamoja naye kwa kazi ya mwanawe.

Miaka ikapita, uongo ukakua pamoja nami. Nilipopata diploma nikaufanya kuwa ngazi ya kwanza ya hadithi yangu. "Nilianza kwa kuosha vikombe kofi shopu," nilikuwa nasema, na bado nasikia sauti yangu ilivyokuwa ikishuka hapo kwa unyenyekevu wa kutengeneza. Nimesema maneno hayo mara tatu kwenye mahafali ya shule ya dada, nimevaa suti, mbele ya kidato cha nne. Kwenye sebule ya dada kuna picha yangu ya miaka ile, nimesimama na aproni mbele ya mlango wa duka, jina la duka likisomeka vizuri juu ya kichwa changu. Aliikuza yeye mwenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Mwezi wangu wa tatu pale kazini nilikula keki yao, ile inayookwa na bangi. Nikiwa mwokaji leo naweza kusema ilikuwa keki mbaya, nzito, yenye uchungu ambao chokoleti haikuweza kuuficha. Wakati ule nilikuwa na njaa tu. Nilikula kipande, nikangoja nusu saa, sikusikia kitu. Nikasema wazungu wanadanganyana. Nikala cha pili.

Kosa linafanyika hapo hapo, na wageni wengi wa mji ule hulifanya. Anayevuta anajibiwa papo hapo, anajua ameshafika wapi. Anayekula hajibiwi. Kitu kinapita kwanza tumboni, kinaweza kuchukua saa nzima au hata mbili, na kikifika kinafika chote kwa pamoja na kukaa muda mrefu. Kipande cha pili mtu hukila kwa sababu cha kwanza hakijafika. Kilinikuta ndani ya tramu, ile treni yao ya mitaani. Moyo ulikwenda mbio, mdomo ukakauka, barabara ikawa haina mwisho, na nikawa na uhakika kwamba nimekufa na hii ndiyo safari yenyewe. Mama mmoja mtu mzima, mfanya usafi aliyekuwa anatoka kazini, alinitazama mara moja akajua. Alinishusha, akaninunulia maji, akakaa na mimi kituoni. "Hufi," aliniambia kwa Kiingereza cha taratibu. "Umekula. Kaa. Itapita." Alirudia maneno hayo kila nilipouliza, na niliuliza sana. Nyumbani nikasema wiki ile nilikuwa na malaria.

Basi mwaka huu shule ya dada ikaalikwa na shule moja ya Amsterdam wanayoandikiana nayo barua. Walimu wawili, siku kumi. Dada na mwalimu wa sayansi. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu Nyakato na daftari, tukala sato, kisha akakaa mbele yangu kama mwanafunzi.

"Haya, Mholanzi," akasema. "Nifundishe mji wako."

Nilifundisha saa mbili. Sijawahi kufurahi hivyo. Nilimchorea mifereji, nikamweleza tiketi ya tramu, nikamwonya asisimame kwenye njia ya baiskeli kwa sababu wale hawapunguzi mwendo hata kwa askofu. Akaandika yote. Kisha akainua kalamu.

"Nasikia bangi huko ni ruksa."

"Siyo ruksa, dada. Hapo wengi wanakosea." Nikajiegemeza. "Sheria inasema ni kosa. Ila serikali imeamua kufumba macho. Mtu mzima, kiasi kidogo, gramu tano, ndani ya maduka maalumu, hawamgusi."

"Kama mimi ninavyojua wasichana wana simu bwenini."

"Hivyo hivyo. Lakini anayenunua kwa mtu wa mtaani amekwisha, hajui amechanganyiwa nini. Anayeibeba kwenda uwanja wa ndege amekwisha zaidi, hata punje mfukoni. Akifika nayo huku kwetu, hakuna wa kumfumbia macho, ni jela moja kwa moja."

"Nani abebe? Mimi mama wa kanisa?"

Mke wangu alikuwa anatoa sahani. Yeye huwa haongei sana, na akiongea huuliza kile kinachohitajika. "Hayo maduka yanaitwaje?" akasema. "Wifi aandike, asije akaingia."

Nakumbuka nilivyovuta pumzi. Jina lilikuwa mdomoni. Lakini kulitaja ilikuwa ni kuibomoa picha ya sebuleni, na mahafali matatu, na maombi ya shukrani ya mama. Nikacheka.

"Hana haja ya jina. Yananuka. Atayajua tu, wanavuta mpaka mlangoni."

Dada akaandika kwenye daftari: yananuka. Nilimwona akiandika. Tena nilisema wanavuta. Sikusema wanakula. Huku mkoani Mara bangi tunaijua ni ya kuvuta, na mtu asiyeambiwa hawezi kuitafuta ndani ya keki.

Alirudi mwezi uliofuata. Tulikwenda Bunda kumpokea, mimi na mke wangu na watoto, na nyumba ilijaa majirani. Aligawa zawadi, akasimulia treni, akawachekesha watu. Kisha akaniita jikoni, akafunga mlango, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Nilikwenda kwenye kofi shopu yako," akasema.

"Ipi?"

"Unazo ngapi? Ile ya kwenye picha. Jumamosi tulipewa mapumziko, nikaulizia mpaka nikafika. Nilitaka kuona ulikoanzia."

Nikauliza, kwa sauti niliyoweza, kama hakukuta harufu.

"Mji wote unanuka, mdogo wangu. Kila kona. Hiyo alama yako haikunisaidia kitu. Nilikwenda asubuhi, hapakuwa na watu, binti mmoja tu kaunta. Nikamwambia mdogo wangu alikuwaga anaosha vikombe hapa. Akafurahi huyo, akasema basi hapa ni nyumbani. Nikaagiza chai na keki. Akaniuliza, ni mara yako ya kwanza? Nikasema ndiyo, mara ya kwanza Ulaya. Akasema basi kula nusu, halafu usubiri, ni kali. Nikasema moyoni, wazungu na sukari yao. Keki yenyewe saizi ya kiberiti. Nusu nimwachie nani?"

Nilijua pale pale, kabla hajaendelea. Sisi hatukulelewa kuacha nusu. Mama alikuwa akisema chakula kinachobaki kwenye sahani ya mgeni ni barua ya matusi kwa mpishi, na dada, ambaye ni mama mtu mzima na mkuu wa shule, alikuwa amekaa kwenye kiti nilichokuwa nakifuta mimi, akaifuta sahani kwa kidole ili wasije wakasema watu wa kwetu hawana adabu.

"Nikatoka nikatembea," akasema. "Saa nzima sikuwa na kitu. Nilikaa kwenye benchi kando ya mfereji. Halafu mikono yangu ikawa ya mtu mwingine. Naanza kuwaza jambo, nikifika katikati nimesahau nilianzia wapi. Nikaogopa. Nikasema nihesabu watoto wangu, nitulie. Nina wanne. Nikapata watatu."

Aliacha kuosha.

"Wa nne namwona sura. Jina halikuja. Mtoto niliyemzaa. Nilikaa pale nikimtafuta, sijui saa ngapi. Nikarudi hosteli nikishika kuta, nikamwambia mwalimu tumbo linaniuma, nikalala mpaka kesho yake mchana. Hakuna anayejua. Ni wewe tu." Akanigeukia. "Hivi mama alianza vipi? Si ndivyo hivi?"

"Sikuwepo, dada."

"Ndiyo. Hukuwepo."

Lilikuwa linahitajika neno moja. Keki. Ningelisema pale, angenipiga na kijiko, angenitukana, tungetoka jikoni tukicheka au tukigombana, na yangekwisha siku hiyo. Badala yake nikamwambia ni uchovu wa safari.

"Uchovu hausahaulishi mtoto," akasema. "Usimwambie mtu." Akakausha mikono, akarudi kwa wageni.

Nilijifariji njia nzima ya kurudi Musoma. Kitu kile hutoka mwilini, nilijiambia. Ataamka wiki ijayo yuko sawasawa, ataona mwenyewe kwamba hana ugonjwa, na mimi sitahitaji kusema. Sikujua kwamba hofu ina kazi yake. Mtu anayeogopa kusahau anahesabu kila ufunguo anaoupoteza. Akiacha birika jikoni likaungua, kwake ni ushahidi. Akimwita mwanafunzi kwa jina la kaka yake, jambo analofanya kila mwalimu duniani, anakwenda chumbani kukaa peke yake. Aliacha kuendesha gari. Alimwachia makamu wake kusema mstarini asubuhi. Daktari wa Bunda alimpima presha, akamwambia yuko vizuri, na akamwandikia aende Mwanza akapigwe picha ya kichwa. Hakwenda. Alisema mama naye walimwambia yuko vizuri.

Kila alipopiga simu nilikuwa na unga mikononi, au mteja mbele yangu, au chochote. Wiki ya kwanza nilisema nitamwambia tukionana. Wiki ya pili tulionana, mwanawe wa mwisho alikuwepo. Wiki ya tatu ilikuwa tayari ni aibu mpya, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na zile wiki mbili. Wateja waliniuliza kuhusu diploma, nikawasomea kama kawaida. Nilioka vizuri sana kipindi kile. Hilo nalo linanikera.

Wiki ya tano, Ijumaa, akapiga.

"Nimeandika barua," akasema. "Naomba kupumzishwa ukuu wa shule kwa sababu za kiafya. Jumatatu naipeleka wilayani."

"Dada, usifanye haraka."

"Sitaki wanafunzi wanione mama alivyokuwa. Nitoke nikiwa bado najua mlango ulipo. Miaka ishirini na minne nimefundisha hisabati, mdogo wangu. Najua grafu inakokwenda."

Jumamosi asubuhi niliwaachia vijana tanuri, nikaendesha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, lakini nilipofika njia panda ya Makutano nikaacha barabara ya Bunda nikaingia ya Butiama, bila sababu yoyote ila kuchelewa kufika. Nyumba ya mama inatunzwa na jirani, mama jirani wa kweli. Nilimkuta anaanua mihogo, akanikaribisha kwa kelele.

"Mmepishana na dada yako. Alikuwa hapa juzi."

"Alifuata nini?"

"Kuuliza habari za mama yenu. Alianzaje kuugua, alisahau nini kwanza. Anauliza huku anaandika, mwalimu yule. Nikamwambia alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Akaniuliza, mara mbili kwa siku moja au? Nikasema mwanangu, nani alikuwa anahesabu?" Akanitazama. "Mbona hukai? Nikuwekee uji."

Sikukaa. Niliomba radhi, nikarudi kwenye gari.

Dada alikuwa barazani, anasahihisha mitihani. Kalamu nyekundu, miwani, rundo la karatasi limelaliwa na jiwe ili upepo usilichukue. Nilimwamkia. Akaniitikia, akanionyesha kiti. Niliona nikikaa sitasema, nikasema nimesimama.

"Dada, ile siku Amsterdam hukuugua."

Hakuinua kichwa. "Aliyekuwa kwenye benchi ni mimi au wewe?"

"Ile keki ilikuwa na bangi."

Aliweka alama ya vema kwenye karatasi, polepole, akaifunika kalamu. "Bangi inavutwa."

"Inaliwa pia. Wanaiyeyusha kwenye siagi. Kofi shopu ndiyo yale maduka, dada. Siyo mgahawa. Yale niliyokwambia yananuka."

"Pale ulipokuwa unaosha vikombe."

"Ndiyo."

"Na habari za pale ndizo ninazowasimamishia kidato cha nne kila mwaka, wakusikilize."

"Ndiyo, dada."

Alivua miwani. Niliendelea haraka, nikamweleza habari zangu, vipande viwili, tramu, yule mama mfanya usafi, malaria ya uongo. Nilimweleza kwamba jambo lililompata lilinipata hivyo hivyo na likaisha, kwamba halina uhusiano na mama, kwamba hana ugonjwa. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa, akisubiri afike mwisho wa sababu zake.

"Na wewe ulisahau jina la nani?" akauliza.

"Nilisahau nashuka kituo gani."

"Kituo." Akakitafakari. "Ulijua lini kwamba ni keki?"

"Siku uliponisimulia jikoni. Ulipofika kwenye nusu."

"Nilipofika kwenye nusu. Kabla sijakwambia habari ya mtoto."

"Kabla."

"Ukaniacha nikaendelea."

Akaingia ndani, akatoka na daftari, akaliweka mezani mbele yangu na kulifungua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe. Chini ya tarehe, majina ya watoto wake wanne, kisha majina ya wakuu wa shule waliomtangulia, kisha jedwali la kuzidisha la kumi na saba mpaka mwisho. Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko ule ule ulionyooka. Kurasa za mwisho mwandiko ulikuwa umeanza kukandamiza karatasi.

"Kila asubuhi," akasema. "Kabla ya mswaki."

"Nisamehe, dada."

"Subiri. Hilo la kusamehe litakuja, sisi ni Wakristo, litakuja tu. Subiri nikwambie." Akakaa. "Unajua mama akiniita mama jirani nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kukasirika. Miaka mitatu. Nasema huyu mwanamke ananifanyia kusudi. Namwogesha mimi, anamkumbuka wa Ulaya. Amekufa nikiwa bado na hasira hiyo, na nimempaka mafuta nayo. Halafu siku ile kwenye benchi namtafuta mwanangu kichwani simpati, na bado nampenda. Upendo umekaa pale pale, jina ndilo halipo. Nikasema kumbe. Kumbe na mama ilikuwa hivyo kwangu. Nimerudi na hilo moja tu kutoka Ulaya yenu. Nimeogopa wiki tano, lakini nilikuwa nalo. Usiku nalala nalo. Sasa unasema ilikuwa bangi."

"Bado inaweza kuwa kweli, dada. Kuhusu mama."

"Inaweza," akasema. "Lakini sasa sijui."

Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge. Mimi, ambaye nina maneno kwa kila mteja, nilitazama jiwe lililolalia karatasi.

Akachukua simu, akampigia makamu wake. Sauti ilikuwa ya ofisini, imara. "Mwalimu, Jumatatu mstarini nasimama mwenyewe. Ndiyo. Ile ratiba ya zamu usiibadili. Hapana, barua haipo tena. Niko mzima." Aliposema niko mzima alinitazama, na sikuona furaha niliyokuwa nimejiahidi kuiona tangu Musoma.

"Nenda, mdogo wangu," akasema. "Una kazi."

Kwetu mgeni hatolewi nje kwa neno. Anasindikizwa. Hata aliyekuja kudai, hata aliyekuja kuleta habari ya msiba, mnatembea naye mpaka njiani, na maneno ya maana mengi husemwa hapo, mmesimama kando ya barabara, kila mmoja akijifanya anaondoka. Dada amenisindikiza tangu naanza shule. Siku naondoka kwenda Ulaya alinisindikiza mpaka stendi, akatembea kando ya basi lililokuwa limeshaanza kuondoka.

Nilisimama, nikangoja kidogo. Alikuwa ameshavaa miwani na kuvuta karatasi nyingine kutoka chini ya jiwe. Nikashuka ngazi peke yangu, nikavuka uwanja, nikafungua geti. Komeo lake liko upande wa ndani. Nilitoka, nikalivuta geti, nikaingiza mkono katikati ya nondo nikalifunga mwenyewe, na nilipotazama barazani alikuwa anaandika maksi juu ya karatasi ya mtu.